Bending Arc: Wavu wa angani unaosimulia kisa cha ufuo uliokatazwa

MWAKA 2020, katika jiji la St. Petersburg, jimbo la Florida nchini Marekani, ilizinduliwa sanamu ambayo haikuchongwa kwa jiwe wala kusubiwa kwa shaba. Ni wavu mkubwa uliotundikwa angani kwa nguzo ndefu za chuma, kando ya bahari, katika eneo la gati ya jiji hilo. Jina lake ni Bending Arc, yaani Tao Linalopinda.

Msanii aliyeibuni ni Janet Echelman, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1966 mjini Tampa, ng'ambo ya pili ya ghuba iyo hiyo. Umbo la sanamu hiyo lilitokana kwa kiasi fulani na viumbe wadogo wa baharini ambao hujibandika kwenye nguzo za gati, chini kabisa, mahali ambapo watu wachache hupatazama.

Kwa mtalii anayepita njia, kazi hiyo ni pambo la kupendeza linaloyumba na upepo. Hata hivyo, mahali ilipotundikwa pana historia nzito. Ufuo ulio karibu nayo ndio ambao kwa miaka mingi raia weusi wa jiji hilo walikatazwa kuutumia, ijapokuwa walilipa kodi sawa na wenzao. Kesi waliyoifungua mwaka 1955 kudai haki ya kuogelea ndiyo inayokumbukwa katika jina la sanamu hiyo.

Vipimo na umbo

Bending Arc ina upana wa futi 424, ambazo ni karibu mita 129. Sehemu yake iliyo juu zaidi imefika futi 72, yaani takriban mita 22 kutoka ardhini. Nyuzi zilizotumiwa kuisuka zikinyooshwa moja baada ya nyingine zinafikia maili 180, sawa na kilomita 290 hivi. Huo ni urefu unaozidi nusu ya barabara ya kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Idadi ya mafundo ni 1,662,528. Kila fundo ni mahali ambapo nyuzi hukutana na kugawana mzigo. Upepo ukivuma na kusukuma upande mmoja wa wavu, mvuto huo hausimamiwi na uzi mmoja pekee, bali husambaa kutoka fundo hadi fundo mpaka ukafikia kamba nene za kingo na hatimaye nguzo. Kwa sababu hiyo, sanamu nzima huitikia upepo kwa kujongea polepole, kama kitu kilicho ndani ya maji.

Wakati wa mchana, rangi zake za samawati na nyeupe huchanganyika na mbingu na mawingu kiasi kwamba anayetazama kwa mbali huenda asiione vyema. Usiku ukiingia, taa za rangi huelekezwa juu yake na wavu ukang'aa gizani.

Sanamu nyingi za hadhara hukaa juu ya jukwaa na kuzungukwa na ua, nazo hutazamwa kwa mbali. Hii imepaa juu ya nyasi. Watu huweza kulala chali chini yake na kutazama macho ya wavu yakifunguka na kufumba kadiri upepo unavyobadilika. Ardhi iliyo chini imebaki kuwa ya kila mtu.

Viumbe walioigwa

Viumbe waliomvutia msanii huyo ni wale wadogo wenye magamba magumu, mfano wa vikombe vilivyofudikizwa, ambao huganda kwenye nguzo, miamba na mbao za vyombo vya majini. Wavuvi na manahodha wa pwani ya Afrika Mashariki wanawafahamu vyema. Hao ndio huwalazimu kukipandisha chombo ufuoni na kukikwangua ubavu na mkuku kabla ya kukipaka deheni upya, maana wakiachwa wazidi, chombo huwa kizito na hupoteza kasi.

Kwa kuwa wana magamba, wengi hudhani ni jamaa ya chaza na kome. Ukweli ni kwamba jamaa zao wa karibu ni kaa na uduvi. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alitumia takriban miaka minane, kuanzia 1846 hadi 1854, akiwachunguza viumbe hao kabla ya kuchapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu chanzo cha spishi.

Maisha yao ni ya ajabu. Kiumbe huyu anapoanguliwa huwa mdogo mno na huelea huru majini. Anapokomaa kiasi, hutafuta mahali panapofaa, akajibandika kwa upande wa kichwa kwa gundi anayoitoa mwilini mwake, kisha akajijengea ukuta wa magamba. Kuanzia hapo hahami tena. Maji yanapokupwa, hufunga milango ya ganda lake na kuhifadhi unyevu uliomo ndani. Maji yanapojaa, huifungua na kutoa miguu yake myembamba kama manyoya, ambayo huitumia kunasa chembe za chakula zinazopita.

Katika gati ya St. Petersburg, viumbe hao wa rangi ya samawati na nyeupe humea chini ya jukwaa. Echelman aliunganisha sura yao na ile ya miavuli ya ufuoni iliyoonekana katika kadi za posta za zamani za jiji hilo. Mwavuli na ganda ni vitu viwili visivyohusiana, lakini ukivitazama kwa chini vyote vina mistari inayoanzia katikati na kutawanyika hadi kingoni. Mistari hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa matao ya wavu.

Anayesimama chini ya Bending Arc yumo katika hali ya mwogeleaji aliyezama chini ya gati na kuinua macho. Huona juu yake kile ambacho kwa kawaida hufichwa na mbao na maji.

Asili yake katika Bahari ya Hindi

Sanaa ya nyavu haikuanzia Marekani. Mwaka 1997, Echelman alikwenda India kwa ufadhili wa masomo na ualimu wa Fulbright. Wakati huo alikuwa mchoraji, na nia yake ilikuwa kufanya maonyesho ya picha. Alifikia Mahabalipuram, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa India katika Ghuba ya Bengal, ambacho kimesifika tangu kale kwa ufundi wa kuchonga mawe.

Rangi alizokuwa amezituma hazikufika. Siku ya maonyesho ilipokaribia, alijaribu kutengeneza sanamu za shaba kwa msaada wa mafundi wa huko, lakini zilikuwa nzito na zenye gharama kubwa. Akiwa katika hali hiyo, aliwatazama wavuvi wakikusanya nyavu zao mchangani jioni. Aling'amua kwamba wavu una ukubwa na umbo bila kuwa na uzito, na kwamba alikuwa akiviona vitu hivyo kila siku pasipo kuvitilia maanani.

Alishirikiana na wavuvi hao kusuka sanamu zake za kwanza za nyavu. Kazi hiyo ilibadilisha mkondo wa maisha yake. Ghuba ya Bengal ni sehemu ya Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga fuo za Lamu, Malindi na Mombasa, ambako pia kushona na kurekebisha nyavu ni kazi ya kila siku ya mvuvi. Ufundi uliozaa sanamu ya Florida ni wa aina hiyo.

Tatizo lililomkabili baadaye lilikuwa uimara. Wavu wa mvuvi hudumu kwa muda, kisha jua, chumvi na msuguano huula. Sanamu ya hadhara hutakiwa kustahimili miaka mingi. Suluhisho lilipatikana katika nyuzi za kisasa zisizoharibiwa upesi na miale ya jua, na katika kamba za plastiki maalumu ambazo, uzito ukiwa sawa, zina nguvu kuliko chuma.

Mfano wa Ureno

Sanamu yake kubwa ya kwanza ya kudumu ilikamilika mwaka 2005 kando ya bahari kati ya miji ya Porto na Matosinhos nchini Ureno. Aliiita She Changes. Wavu wake umening'inia kutoka kwenye duara la chuma lenye uzito wa tani 20, lililoinuliwa kwa nguzo ndefu juu ya mzunguko wa barabara.

Wenyeji hawakusubiri kuelezwa maana yake. Waliibandika jina la Anémona, yaani mnyama yule wa baharini mwenye minyiri laini inayoyumbishwa na maji. Jina hilo ndilo lililoshika na hata leo ndilo linalotumiwa na wakazi wengi. Mistari yake myekundu na myeupe iliigwa kutoka kwa mabomba ya moshi ya viwanda vya eneo hilo, lakini mji wa wavuvi uliona kiumbe wa bahari na ukampa jina.

Kazi hiyo ilithibitisha kwamba wavu unaweza kuwa sanamu ya kudumu katika mahali penye upepo mkali. Tangu hapo, Echelman amepata kazi katika miji mingi ya mabara kadhaa. Wahandisi hutumia programu za kompyuta kukadiria jinsi kila sehemu itakavyojikunja chini ya uzito wake na chini ya upepo, kabla ya uzi wa kwanza kufungwa. Ufumaji wenyewe hufanywa kwa mashine na kwa mikono, kwani yapo mafundo na viungo ambavyo mashine haiwezi kuvifunga.

Gati ya jiji

Jiji la St. Petersburg lilianzishwa mwaka 1888 reli ilipofika katika rasi hiyo. Aliyeileta reli alikuwa Peter Demens, mhamiaji kutoka Urusi, na jina la jiji lilitokana na St. Petersburg ya nchi alikozaliwa. Mwaka uliofuata, 1889, gati ya kwanza ilijengwa kwa ajili ya reli. Upesi watu wakaanza kuitumia kwa kuvua na kupunga upepo.

Gati zilifuatana. Kimbunga cha mwaka 1921 kiliharibu iliyokuwepo, na mwaka 1926 ikafunguliwa nyingine iliyoitwa Gati ya Dola Milioni kwa sababu ya gharama yake. Hiyo ilibomolewa mwaka 1967. Mwaka 1973 likafunguliwa jengo la ajabu lenye umbo la piramidi iliyopinduliwa, ambalo lilidumu hadi lilipofungwa mwaka 2013 na kubomolewa mwaka 2015. Gati ya sasa, yenye ukubwa wa ekari 26 na iliyogharimu takriban dola milioni 92, ilifunguliwa Julai 6, 2020, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya janga la Covid-19. Bending Arc ilikuwa miongoni mwa vivutio vyake vikuu.

Katika muda wote huo, jiji lilijitangaza kwa jua na bahari. Kadi za posta zilionyesha miavuli, waogeleaji na viti virefu vya rangi ya kijani vilivyopangwa kando ya barabara ili wageni wapumzike. Kadi hizo hizo zilizomsaidia msanii kubuni umbo la sanamu zilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Furaha zilizotangaza hazikuwa za wakazi wote.

Ufuo uliokatazwa

Chini ya mfumo wa ubaguzi wa rangi uliotawala kusini mwa Marekani, watu weusi wa St. Petersburg hawakuruhusiwa kuketi kwenye viti hivyo vya kijani. Hawakuruhusiwa pia kuogelea katika Spa Beach, ufuo ulio karibu na gati, wala katika kidimbwi cha kuogelea cha manispaa kilichokuwa hapo. Mahali walipoachiwa palikuwa South Mole, kipande cha ufuo kilichokuwa upande wa kusini. Siku hizi eneo hilo huitwa Demens Landing, kwa heshima ya yule mwenye reli.

Ubaguzi huo ulikuwa na uzito wa pekee katika jiji lililozungukwa na maji pande tatu. Familia nyeusi iliyoishi mwendo mfupi kutoka baharini ililazimika kupita ufuo mzuri ulio wazi ili kufika pale iliporuhusiwa. Wengi wa watu hao ndio waliofagia hoteli, kupika vyakula na kujenga barabara zilizowavutia watalii waliokuja kuogelea.

Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Brown kwamba kutenganisha shule za umma kwa misingi ya rangi kulikuwa kinyume cha katiba. Raia weusi wa miji mingi walianza kuuliza swali lililofuata kwa mantiki. Ikiwa shule ya umma haiwezi kubagua, je, ufuo wa umma unaweza?

Kesi ya Alsup

Mwaka 1955, kundi la wakazi weusi wa St. Petersburg lilidai kutumia ufuo na kidimbwi cha manispaa, nalo likakataliwa. Walikwenda mahakamani. Walioongoza walikuwemo madaktari wawili, Fred Alsup na Ralph Wimbish, na kesi ikaingia katika kumbukumbu za sheria kwa jina la Alsup dhidi ya jiji hilo.

Utetezi wa jiji unafaa kuelezwa, kwa maana unaonyesha jinsi ubaguzi ulivyojificha nyuma ya hesabu. Mawakili wake walidai kwamba katika kuendesha ufuo na kidimbwi, manispaa haikuwa ikitenda kama serikali bali kama mwenye biashara. Kadhalika walidai kwamba weusi wakiruhusiwa, weupe wangeacha kuja, mapato yangeanguka, na jiji lingelazimika kufunga mahali hapo.

Mahakama ya shirikisho iliamua kwa upande wa walalamishi. Jiji lilikata rufaa, na mnamo 1956 mahakama ya rufaa ikashikilia uamuzi huo. Kwa mujibu wake, kile kinachomilikiwa na umma hakiwezi kumfungia nje mwananchi kwa sababu ya rangi yake, hata kama mwenye kukiendesha anakiita biashara. Jiji lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1957 ilikataa kuisikiliza rufaa hiyo. Uamuzi wa chini ukasimama.

Haki iliyopewa mgongo

Ushindi wa karatasi haukuwa ushindi wa majini. Juni 8, 1958, kijana mweusi wa umri wa miaka 19, David Isom, aliingia katika kidimbwi cha Spa akaogelea. Picha yake akitoka majini ilisambazwa magazetini na imebaki kuwa mojawapo ya picha zinazojulikana sana za kipindi hicho. Aliogelea kwa amani. Baada yake, wasimamizi walifunga kidimbwi.

Jiji lilikuwa limetekeleza tishio lililotolewa mahakamani. Ili mtu mweusi asiogelee, ikaamuliwa kwamba mtu yeyote asiogelee. Ufuo na kidimbwi vilikaa chini ya kufuli katika majira ya joto, ilhali biashara za mji huo zilitegemea wageni wa bahari. Havikufunguliwa tena hadi mwaka 1959, na safari hii vilifunguliwa kwa wote.

Kwa hiyo, kutoka siku walalamishi walipokataliwa hadi siku milango ilipofunguliwa kwa kila mkazi, ilipita takriban miaka minne. Katika muda huo hapakuwa na tukio moja kubwa la kumaliza mambo. Palikuwa na ombi, kesi, rufaa, rufaa nyingine, tiketi ya kuogelea, kufuli, na subira.

Jina la sanamu

Jina Bending Arc linatokana na usemi uliopendwa na Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za kiraia nchini Marekani, kwamba tao la maadili ya ulimwengu ni refu lakini hupindia upande wa haki. King mwenyewe aliurithi kutoka kwa mhubiri wa karne ya 19, Theodore Parker, aliyekuwa mpinzani wa utumwa.

Echelman alilichagua jina hilo makusudi ili kuwakumbuka wakazi walioanza kupinga ubaguzi mwaka 1955 mahali hapo hapo. Kwa njia hiyo, matao ya wavu yakawa na maana mbili. Ni matao ya magamba na miavuli, na pia ni tao la safari ndefu ya haki.

Ulinganisho huo unaelekea kukubaliana na jinsi wavu ulivyo. Tao la wavu halijipindi lenyewe. Hupinda kwa sababu limevutwa na maelfu ya nyuzi kutoka pande mbalimbali, na ukizikata nyuzi hizo tao huanguka. Vivyo hivyo, ufuo wa St. Petersburg haukufunguliwa na mwendo wa wakati. Ulifunguliwa na watu waliotia sahihi hati ya mashtaka wakijua kwamba kazi zao na usalama wao vingeweza kuhatarishwa.

Maswali ya wakosoaji

Sanamu hiyo haikukosa ubishi. Kabla haijajengwa, madiwani na wakazi walijadili mahali pa kuitundika na fedha za kuigharimia, ingawa sehemu ya gharama ilichangwa na wafadhili wa kibinafsi. Meya wa wakati huo, Rick Kriseman, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Wapenzi wa ndege waliuliza iwapo ndege wa baharini wasingenaswa katika wavu. Swali hilo lilikuwa na msingi katika pwani ambayo nyavu na mishipi iliyotupwa hudhuru ndege mara kwa mara.

Lipo pia swali zito zaidi. Wavu wenyewe hauna maandishi wala nyuso za watu. Hauwaonyeshi Alsup, Wimbish wala Isom. Mgeni anaweza kustarehe chini yake siku nzima na kuondoka akiwa amebeba picha nzuri tu. Wanaoitetea kazi hiyo wanaweza kujibu kwamba kumbukumbu yake imo katika matumizi yake: watoto wa kila rangi wakicheza pamoja mahali ambapo sheria iliwatenganisha. Wanaoikosoa wanaweza kujibu kwamba anayecheza bila kujua hakumbuki chochote.

Kadhalika, historia ya jiji hilo haikukoma mwaka 1959. Katika miaka ya 1980, mtaa wa Gas Plant, uliokuwa makao ya familia nyingi nyeusi, ulibomolewa kupisha uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka 1990. Kwa wale waliopoteza nyumba na makanisa yao huko, tao la haki lingali na safari ndefu. Jina la sanamu, kwa hakika, halidai kwamba safari imekwisha. Linasema tao linapinda.

Funzo lake

Miji mingi hujenga sanamu za mashujaa waliopanda farasi au waliosimama wakinyoosha vidole. Jiji la St. Petersburg, katika ufuo wake, lilichagua umbo la kiumbe ambaye hukwanguliwa na kutupwa, na ufundi wa watu wanaoamka alfajiri kwenda baharini. Uamuzi huo unalingana na kisa kinachokumbukwa. Waliofungua ufuo hawakuwa majenerali. Walikuwa madaktari na wakazi wa kawaida waliotaka watoto wao waoge baharini.

Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Harakati zilizodumu takriban miaka minne na kazi ya kufunga mafundo zaidi ya milioni moja na nusu zote ni za namna hiyo: hakuna pigo moja linaloonekana kuwa kubwa, ila mwisho wake huonekana na kila mtu. Na kila atakayepita hapo akiwa na taulo begani akielekea majini, awe anakijua kisa hiki au hakijui, anaitumia haki iliyopatikana kwa njia hiyo.